Mwaka Nilioitwa Kwaheri

Mwezi uliopita tulimzika Zuhura, Kilwa Kivinje, na siku ya hitima yake nilikaa uani pamoja na wanawake wengine waliokuwa wakipika. Mimi sasa ni mtu wa kuletewa kiti na chai, lakini sina tabia ya kutazama wenzangu wakifanya kazi, nikasema nipeni na mimi nazi nikune. Binti wa marehemu akaingia ndani akatoka na mbuzi ya zamani, ubao umekuwa mweusi kwa mafuta ya nazi, mguu mmoja umefungwa waya. Nilipoikalia tu niliijua. "Hii mbuzi ni yangu," nikasema, na wasichana wakatazamana wakitabasamu, wakidhani bibi wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Pembeni palikuwa na kikongwe mmoja akichagua mchele. Akainua uso, akanikazia macho muda mrefu, kisha akapiga kofi la mshangao. "Ala! Wewe si Kwaheri wewe? Bado upo?" Jina hilo nilikuwa sijaitwa miaka mingi, maana wengi walionipa wamekwishatangulia. Nikacheka kidogo, kwa adabu ya msiba, halafu nikainamia nazi yangu na machozi yakanitoka. Waliokuwapo walidhani namlilia Zuhura. Namlilia Zuhura, ndiyo, lakini siku ile nilikuwa nikiulilia na mwaka mmoja mzima ambao yeye na mimi tuliishi mtaa mmoja kama watu wasiojuana.

Ya ukoo wetu nitayaacha, hayana kazi hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule wa Operesheni, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, mimi Somoe nilikuwa msichana, mwalimu wa kisomo, nikifundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye banda nyuma ya soko. Nilikaa kwa shangazi yangu, Bi Esha. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na chokaa, ukumbi mrefu katikati na vyumba kila upande, na kuta za vyumba hazikufika juu kabisa, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha mbele alipewa pole na aliyelala chumba cha nyuma. Mlango wa mbele ulitazama njia ya kwenda sokoni. Mlango wa nyuma ulitokea uani, penye jiko na choo. Naieleza milango hii kwa sababu ilikuja kunitesa.

Safari yenyewe ilianzia kwa Karini, mama wa Kidenmark aliyekuwa akifanya kazi ya afya ya watoto wilayani kwetu. Alipenda kuja darasani kwangu, akikaa nyuma na wazee wa kilimo, akijifunza nao irabu. Siku moja akaniambia kwamba kwao, Kopenhagen, kuna chuo cha walimu wa watu wazima, na kwamba wanachukua wanafunzi wachache kutoka nchi zetu kwa mwaka mmoja. Jina langu likapelekwa, likakubaliwa. Mimi, ambaye Dar es Salaam kwenyewe nilikuwa sijafika! Tangu hapo kila baada ya kazi nilikuwa jikoni kwa Karini nikijifunza Ulaya. Alinifundisha kula samaki kwa uma, kazi ya bure kabisa, maana mwiba wa changu haujali uma. Alinifundisha namna ya kuvaa soksi mbili mbili. Alimwaga unga mezani akauchora mji kwa kidole: hapa bahari, hapa inaingia kati ya nyumba, hapa meli zinafungwa mbele ya milango ya watu. Mwisho akanipa koti lake la sufu, zito, rangi ya majivu, lenye vifungo vikubwa. Nililivaa njia nzima kutoka kwake mpaka nyumbani, mchana wa jua, nikitokwa jasho na fahari, na watoto wakanifuata nyuma.

Shangazi hakuweza kulitamka jina la mji. Alisikia "kope" na akabaki na kope. "Huko Kope," alikuwa akiniuliza tukiwa jikoni, "pwani yao ina mikoko?" Nikamwambia haina. "Sasa kuni wanapata wapi?" Siku nyingine akauliza kibla kiko upande gani. Sisi Kilwa tunasali tukielekea kaskazini, na hilo kwake lilikuwa kama jua kutoka mashariki. Nikamuuliza Karini, akatazama ramani, akasema Makka kwao iko kusini mashariki. Nilipomletea jibu hilo shangazi aliweka mwiko chini. "Kusini? Yaani utakuwa umeipita Makka?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaendelea kusonga ugali, na baada ya kitambo akasema peke yake, "Mtoto wangu anaipita Makka."

Kwetu mtu hafungi safari kubwa kama ile bila kuaga, na kuaga si kupunga mkono. Unapita nyumba kwa nyumba, unakaa, unasema, "Nimekuja kuaga, nilipokukosea nisamehe." Mwenye nyumba anakujibu, "Nimekusamehe dunia na akhera, na wewe nisamehe." Mnalia kidogo, unakwenda nyumba ya pili. Na vitu unavyoviacha unavigawa, kwa sababu kurudi ni kwa Mungu. Nikagawa. Kitanda changu nilimpa binamu yangu mwenye watoto, kandili nikampa jirani, kanga nikazigawa kwa wenzangu wa darasani, na mbuzi yangu ya nazi, ambayo fundi alinichongea kwa mninga, nikampa Zuhura. Zuhura alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukichapwa fimbo moja kwa kucheka wakati wa Kurani, na wakati ule alikuwa ameposwa. Aliipokea mbuzi akaikumbatia kama mtoto, akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Asubuhi ya kuondoka, mwalimu wetu wa Kurani alisimama kwenye mlango wa mbele ameinua msahafu juu, nikapita chini yake mara tatu, akanisomea dua na kuniambia nisitazame nyuma. Sikutazama. Nyuma yangu nilisikia vigeregere, na shangazi akiita wanawake waingie ndani, kwamba pilau ya kunisindikiza iko tayari.

Lori lilinifikisha Nangurukuru tu, hapo njia panda. Tulikuwa tukisubiri abiria wengine nilipoliona gari la Ndugu Chilumba, afisa wetu wa elimu, likija kwa kasi na vumbi. "Shuka, Ndugu Somoe," akasema kabla hajazima moto. "Simu imeingia. Safari zote za nje zimesimama mpaka Operesheni iishe. Kila mwenye elimu anatakiwa hapa." Nikamuuliza itaisha lini. "Hilo halikusemwa. Wewe kaa standibai." Nikashusha sanduku langu. Njia nzima ya kurudi Ndugu Chilumba alizungumza juu ya ujenzi wa taifa, na mimi nilikuwa nikifikiria jambo moja tu: nitaingiaje.

Niliwakuta bado wanakula. Nilisimama barazani, sanduku kichwani, koti la sufu mkononi, na ndani nikawaona wale wale niliowaomba radhi, wamezunguka sinia za pilau, mikono imeishia njiani. Shangazi ndiye aliyeruka. "Hapo hapo! Usiingie!" Nikaganda. "Dua yako imo mlangoni hapo. Ukiuvuka kurudi ndani umeivunja. Zunguka uani." Nikazunguka nyumba, nikapita kwenye majivu na kuku, nikaingia kwa mlango wa nyuma katika nyumba ambayo nilikuwa nimeiacha kwa vigeregere asubuhi ile ile. Nikaeleza. Mmoja akasema subira yavuta heri. Bibi mwingine, mwenye ulimi, akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, wakacheka kidogo, kisha wakarudi kula, lakini nadhani pilau ile iliwakwama. Ilipikwa kwa ajili ya kuondoka kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuishi katika mji ulionisamehe dunia na akhera. Kitanda kilikwisha kwenda, na binamu yangu alikuwa akilaza watoto wawili juu yake, nani angemnyang'anya? Chumba changu kilikuwa kimewekwa magunia ya mihogo mikavu. Nikapewa kona ya chumba hicho hicho, mkeka na mto, sanduku ubavuni, koti likining'inia kwenye msumari. Sanduku sikulifungua isipokuwa kwa ajili ya korosho. Nilikuwa nimefunga korosho za kukaanga kama zawadi ya wenyeji wangu wa Kopenhagen, na korosho hazijui habari za Operesheni. Baada ya muda zilianza kunuka mafuta mabaya. Nikazitoa, nikakaanga nyingine, nikafunga upya. Zile zilizoharibika nilizila mwenyewe, kidogo kidogo, nimekaa juu ya gunia, nikiwazia meli zilizofungwa mbele ya milango ya watu. Darasa langu pia lilikuwa limepewa mwalimu mwingine, kijana mzuri tu, na Ndugu Chilumba alisema si vizuri kumwondoa kwa ajili ya mtu anayeweza kuitwa wakati wowote. Na Karini, ambaye angeweza kunipa moyo, alihamishiwa mkoa mwingine kabla ya masika. Nikabaki na koti lake.

Shangazi akaniweka mgeni. Sijui niseme vipi ili anayesoma aelewe uzito wake. Mwaka ule ulikuwa wa njaa, mvua zilikuwa zimekosekana, na watu walikula ugali wa unga wa njano wa msaada. Shangazi na watu wake walikula huo, na kisamvu, mikono pamoja kwenye sinia moja, wakigombania ukoko. Mimi niliandaliwa peke yangu, mkeka wangu, sahani yangu ya maua ya wageni, wali. Wali mchache, lakini wali. Nikishika ufagio ananipokonya. Nikichukua ndoo anasema, "Iache, mgeni." Nilimwambia mimi si mgeni, shangazi. Akajibu, "Msafiri ni mgeni," akaondoka. Na mlango wa mbele sikuutumia hata mara moja. Kama nina shida sokoni, napita uani, nazunguka nyumba, natokea njiani kama mwizi wa kuku. Niliamini kwamba amenichoka. Niliamini kwamba kwake mimi ni kama maiti iliyokwisha oshwa ikakosa kaburi. Nilimchukia, na nilimpenda, na wali ule ulikuwa mchungu.

Njiani hali ilikuwa hiyo hiyo. Walianza kwa kuniuliza, "Bado upo?" Mara ya kwanza ni huruma, mara ya pili ni maneno tu, na kuanzia hapo ni mzaha. Kisha muuza samaki mmoja akaniita Kwaheri, soko zima likacheka, na likawa jina. "Kwaheri, changu hawa hapa!" "Kwaheri, karibu!" Nilicheka nao, ungefanyaje? Lakini Zuhura hakunitania, na hilo liliniuma zaidi. Alikuwa akiniona kwa mbali anageuza njia. Alipoolewa nilikwenda arusini nikakaa nyuma, na mbuzi yangu niliiona jikoni kwao, mtu mwingine ameikalia. Baadaye nikamfuata nyumbani kwake, nikapiga hodi, akatoka akasimama kizingitini.

"Zuhura, nimekukosea nini?"

"Hukunikosea kitu."

"Basi mbona unanikimbia? Kama ni mbuzi, siidai."

Akanitazama kwa hasira. "Mbuzi! Mimi nilishakulilia, Somoe. Nililia siku saba, sili, silali, mama akaniletea mpaka kombe la aya za Kurani ninywe. Nikajikaza, nikazoea kwamba hupo. Sasa kila nikienda kisimani upo, nikienda sokoni upo, na kesho utakwenda tena. Unataka nikulilie mara ngapi?" Akarudi ndani, pazia likaanguka. Nilikaa kwenye baraza yake kwa muda, nikitazama kuku, kisha nikaenda zangu.

Mara moja tu mwaka ule Ndugu Chilumba aliniita kazini. Tulikwenda Miteja, ambako familia zilikuwa zikishushwa kwenye malori, nikawaandike watoto wa kuanza shule. Walikuja na vitanda, vinu, mabati, milango iliyong'olewa kwenye nyumba zao. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekalia mlango wake kando ya barabara, kitoto mgongoni, anatazama tu pori lililosafishwa. Nikamuuliza, kwa kuzungumza tu, kama huko walikotoka waliwaaga watu. "Tuliambiwa asubuhi, lori likaja adhuhuri," akasema. "Tungemuaga nani? Hata makaburi hatukuyaaga." Kisha akaniuliza mimi ni mgeni wa wapi, nikainamia daftari langu. Nilirudi Kivinje nikiwa na aibu kwa kujionea huruma, lakini aibu haikuufukuza upweke. Vyote viwili vilikaa nami kwenye chumba cha mihogo.

Ilikuwa alasiri, masika yakielekea kwisha, nimejilaza mkekani, nilipomsikia jirani yetu ukumbini akimwambia shangazi, "Lakini Bi Esha na wewe umezidi. Msichana mzima, hata maji humtumi? Wali ale yeye, nyie mle unga wa njano. Unamweka mwari?"

"Simtumi," shangazi akasema.

"Kwa nini?"

"Nikimtuma leo chumvi, kesho kuni, keshokutwa watakuja kumposa. Atazoea. Na akizoea, siku wakimwita atasema aa, nimeshapoa. Hii safari itakufa humu humu ndani, mikononi mwangu. Mgeni ndiye asiyesahau kwamba ana safari."

"Na wewe mwenyewe?"

Nikasikia kama ungo unawekwa chini. "Mimi nikila naye sinia moja nitamzuia," shangazi akasema. "Ninajijua."

Ningeweza kuinuka, nikapita ule ukumbi, nikamkumbatia. Sikuinuka. Ningefanya hivyo, ningekuwa nimemharibia kazi yake yote ya mwaka. Nililivuta koti msumarini nikajifunika uso, nikalia humo ndani ya sufu mpaka nikapata joto. Upweke haukuniisha siku ile. Ila nilijua sasa kwamba kwenye nyumba ile tulikuwa wapweke wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, na jioni alipoleta wali nilikula wote, nikasema ahsante.

Habari ilikuja asubuhi moja bila kishindo. Ndugu Chilumba alipita uani, akasema safari zimefunguliwa, tiketi iko Dar, na lori la korosho liko dukani pale linapakia, linaondoka sasa hivi. Akaenda zake. Shangazi alikuwa jikoni, amenipa mgongo. Nikasimama nyuma yake, sanduku miguuni.

"Shangazi, nimekuja kuaga."

"Kuaga gani?" Hakugeuka. "Ulishaaga. Radhi si maji ya kisimani, uteke, urudi uteke."

Nikainama kushika sanduku, na hapo akaniita kama alivyokuwa akiniita zamani, kabla ya yote.

"Somoe!"

"Abee, shangazi."

"Kiberiti kimekwisha. Hebu nenda dukani kaniletee." Akafungua pindo la kanga yake, akatoa sarafu, akanitia mkononi, akaukunja mkono wangu juu yake. Kiberiti kilikuwa pale pale kando ya figa, nakiona, na moto ulikuwa ukiwaka. "Pitia mlango wa mbele," akasema. "Ndiyo karibu. Na usikae huko ukazungumza."

Nikatoka kwa mlango wa mbele, peke yangu, bila msahafu wala vigeregere, sanduku kichwani na koti begani, kana kwamba kila anayekwenda kununua kiberiti hubeba vitu hivyo. Zuhura alikuwa akifagia mbele ya kwake. Aliliona sanduku, akausimamisha ufagio. Safari hii hakukimbia.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nimetumwa dukani."

Akatazama lori, akanitazama mimi. "Haya," akasema, "usikawie," akaanza kufagia tena, kwa nguvu, mahali palipokwisha kuwa safi.

Kopenhagen ilikuwa kama Karini alivyoichora kwenye unga, ila unga hauna baridi. Nilisali nikielekea kusini mashariki. Nilikula samaki kwa uma. Nililia sana miezi ya kwanza, na wenzangu waliponiuliza kama ninataka kubaki kule moja kwa moja, kama wengine walivyotaka, niliishika ile sarafu mfukoni mwa koti nikasema siwezi, nimetumwa. Walidhani nasema nimetumwa na serikali.

Nilirudi Kivinje mchana, nikaingia kwa mlango wa mbele. Shangazi alikuwa jikoni, amepungua, nywele nyeupe zimemtoka chini ya kanga. Nikapiga magoti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikamwekea kiberiti cha Kopenhagen, kimechorwa meli. Akatoa njiti, akaiwasha, akaiangalia ikiungua mpaka karibu na kidole. "Umekawia," akasema. Midomo ilimcheza, lakini hakulia. Alinisogezea nazi mbili kwa mguu. "Haya, vua hilo koti. Kuna nazi."

"Mbuzi iko wapi?"

"Ananiuliza mimi! Si ulimpa Zuhura?"

Nikatoka, nikavuka njia, nikapiga hodi. Zuhura akatokea na mtoto kiunoni. Alinitazama kuanzia miguu mpaka kichwa, akashindwa kujizuia. "Kwaheri! Bado upo?"

"Nipo," nikamwambia. "Nimekuja kuazima mbuzi."

Hayo niliwasimulia wale wasichana siku ya hitima, mikono yangu ikiendelea na kazi, kwa kifupi kuliko nilivyoyaandika hapa. Nazi zilipokwisha, binti wa Zuhura aliifuta ile mbuzi kwa upande wa kanga yake akaniletea. "Basi chukua, bibi, kama ni yako. Mama angependa." Nikaishika kidogo, nikamrudishia. "Iacheni hapa hapa," nikasema. "Nikiitaka nitakuja kuazima." Kisha nikajitanda, nikapita ukumbini kati ya watu, nikatoka kwa mlango wa mbele bila kumuaga mtu.